Jinsi ya kutembelea Haut-Koenigsbourg, ngome ya mlimani juu ya mizabibu ya Alsace

Ukipanda treni Strasbourg kuelekea Colmar, kaa dirisha la kulia. Haichukui muda mrefu milima ya Vosges inaanza kusogea karibu na reli, na juu ya mmoja wao utaona kitu chenye rangi ya udongo mwekundu kimekaa kileleni kama kilemba. Hiyo ndiyo Haut-Koenigsbourg, ngome iliyo mita 757 juu ya usawa wa bahari, mashariki mwa Ufaransa. Chini yake yote ni mizabibu, safu kwa safu, kutoka miguuni pa mlima hadi kwenye uwanda wa mto Rhine.

Nimeipanda mara tatu. Mara ya kwanza nilishuka nimeona ukungu na migongo ya watu. Mara ya pili nilikuwa na wageni kutoka Dar, mmoja wao kavaa ndara. Mara ya tatu nilikwenda peke yangu, kwa miguu, na hapo ndipo nilipoielewa. Haya ni yale ambayo ningependa mtu angeniambia kabla ya ile ya kwanza.

Hatua ya 1: Chagua siku, na uwe tayari kuibadili

Ngome iko wazi karibu mwaka mzima. Inafungwa tarehe 1 Januari, 1 Mei na 25 Desemba. Julai na Agosti kuna msongamano hasa; hupokea wageni wapatao nusu milioni kwa mwaka, na wengi wao wanakuja miezi hiyo. Kama una hiari, nenda Mei au Juni, au bora zaidi kati ya katikati ya Septemba na katikati ya Oktoba, wakati wa kuvuna zabibu. Hapo majani ya mizabibu yanaanza kugeuka manjano, vijiji vinanuka maji ya zabibu yanayochacha, na matrekta yanapita barabarani yamejaa.

Adui mkubwa si umati, ni ukungu. Siku nyingine wingu linakaa juu ya kilele peke yake na uwandani kuna jua. Siku nyingine, hasa mwishoni mwa vuli, kinyume chake: uwanda wote umefunikwa na ukungu mzito, na wewe juu uko kwenye jua, unatazama chini kama mtu aliye ndani ya ndege. Kwa hiyo ukishuka stesheni ya Sélestat, tazama magharibi. Kama ngome unaiona, panda. Kama huioni, usikimbilie basi. Pale mjini kuna Bibliothèque Humaniste, maktaba yenye vitabu alivyouachia mji msomi Beatus Rhenanus mwaka 1547, ambayo UNESCO iliiingiza mwaka 2011 katika orodha yake ya kumbukumbu za dunia. Sélestat pia wanajivunia kitabu chao cha hesabu cha mwaka 1521: mji uliwalipa walinzi wa msitu shilingi nne wailinde miti ya Krismasi isikatwe na wezi. Shilingi, ndiyo. Mpe ukungu saa mbili, kisha tazama tena.

Vaa viatu vilivyofunga mguu na beba koti hata kama Strasbourg kuna joto. Juu kuna upepo, na vyumba vya mawe havina huruma.

Hatua ya 2: Fika Sélestat

Anayetoka Tanzania, Kenya, Uganda au Kongo atahitaji viza ya Schengen. Ombi linapokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari hadi siku 15 kabla yake. Usingoje hizo siku 15. Ada ya mtu mzima imekuwa yuro 90 tangu Juni 2024, na bima ya safari lazima ifidie angalau yuro 30,000. Kwa wanaoishi tayari Ulaya na wana kibali cha ukaazi cha nchi ya Schengen, hii ni safari ya mwisho wa wiki tu.

Kutoka Paris, treni ya kasi inaondoka Gare de l'Est na kufika Strasbourg chini ya saa mbili. Anayetoka Ujerumani anaweza kufika Kehl na kuvuka Rhine kwa tramu hadi katikati ya Strasbourg. Anayetoka Uswisi, kuna treni za mkoa kutoka Basel. Strasbourg hadi Sélestat ni chini ya nusu saa kwa treni za mkoa zinazoitwa TER, na Colmar hadi Sélestat ni kama dakika kumi na kidogo.

Neno kuhusu saa: ratiba na tiketi zao zinahesabu saa 24 tangu usiku wa manane. Ukiona 14:00, ni saa nane mchana. Nalisema kwa sababu mmoja wa wageni wangu, mtu mzima na akili zake, alikaa mkahawani akisubiri basi la "saa tisa" ambalo lilikuwa limeondoka tangu asubuhi.

Tiketi ya ngome nunua mtandaoni mapema, hasa kiangazi. Na jua kwamba kuingia hufungwa kabla ya ngome yenyewe kufungwa, kwa hiyo usifike dakika za mwisho ukitegemea kubembeleza.

Hatua ya 3: Panda

Kuna njia tatu.

Basi linaondoka stesheni ya Sélestat hadi mlangoni. Halitembei kila siku mwaka mzima. Nje ya msimu linaweza kuwa la wikendi na sikukuu tu. Angalia ratiba ya siku yako hasa, ya kwenda na ya kurudi, kabla hujatoka nyumbani.

Gari ni rahisi, barabara ni ya lami hadi juu, lakini hakuna uwanja mkubwa wa kuegesha: magari yanaegeshwa pembeni mwa barabara inayozunguka mlima. Agosti saa sita mchana unaweza kuegesha mbali sana ukatembea kama uliyekuja kwa miguu.

Miguu ndiyo ninayoipendekeza kwa mwenye magoti mazima. Anzia Kintzheim, Orschwiller au Saint-Hippolyte, vijiji vilivyoko miguuni pa mlima. Unapanda kama mita 500 kwenda juu, na mtu wa kawaida asiyekimbizwa atachukua saa moja na nusu hadi mbili. Aliyezoea kwenda Morningside pale Morogoro hatashangaa. Njia zina alama za rangi kwenye miti, kazi ya Club Vosgien, chama cha wapanda milima kilichoanzishwa mwaka 1872. Chagua alama yako mwanzoni na usiiache mpaka juu.

Raha ya njia hii ni kwamba mlima unakusomea habari zake kwa mpangilio. Kwanza unapita katikati ya mizabibu. Kisha inakuja misitu ya michestinati, na haikuwa hapo kwa bahati: kwa karne nyingi miti hiyo ilikatwa nguzo za kushikilia mizabibu. Oktoba kokwa zake zimetapakaa njiani. Halafu mizabibu na michestinati vinakuacha, unaingia kwenye misunobari yenye giza, baridi inakugusa shingoni, na ghafla mbele yako kuna ukuta.

Hatua ya 4: Kabla ya kuingia, jua unatazama ngome mbili

Watu wengi wanapita mlangoni wakidhani wanaingia Enzi za Kati, wanatoka wamefurahi, na hawajui kwamba sehemu kubwa ya walichokipiga picha ni ya mwaka 1908. Simama nje dakika kumi.

Ngome imetajwa kwa mara ya kwanza mwaka 1147, ikiwa ya ukoo wa Hohenstaufen. Sababu ya kujengwa hapa unaiona kwa macho: kutoka juu walichungulia njia ya mvinyo na nafaka iliyopita kaskazini-kusini uwandani, na njia ya chumvi na fedha iliyokatisha milima kati ya mashariki na magharibi. Anayekaa hapa anajua nani anapita na amebeba nini. Ndiyo maana katika karne ya 15 ikageuka pango la mabwana waliowanyang'anya wasafiri, hadi mwaka 1462 miji na wakuu wa jirani wakaungana kuivunja.

Mwaka 1479 mfalme mkuu Friedrich III aliwapa magofu hayo ukoo wa Thierstein. Hawa ndio waliojenga ngome ya zamani unayoiona leo, na walijenga wakijua jambo ambalo babu zao hawakulijua: mizinga imekuja. Kuta zikanenepa, na buruji kubwa zikaelekezwa magharibi. Ukoo ule ukaisha bila mrithi mwaka 1517. Mwaka 1633, katika Vita vya Miaka Thelathini, Waswidi waliizingira siku 52, wakaiteka, ikaungua. Kwa zaidi ya miaka 200 miti ikaota vyumbani.

Halafu inakuja ngome ya pili. Mwaka 1871 Ujerumani iliichukua Alsace kutoka Ufaransa. Mwaka 1899 mji wa Sélestat, uliokuwa ukimiliki magofu, ukamzawadia Kaisari Wilhelm II. Yeye akamwita mbunifu wa majengo kutoka Berlin, Bodo Ebhardt, na kati ya mwaka 1900 na 1908 wakaisimamisha upya, hadi meza na majiko. Ilizinduliwa tarehe 13 Mei 1908, mvua ikinyesha. Hakuijenga ili aishi. Alitaka iwe alama ya mpaka wa magharibi wa dola yake, kama ngome ya Marienburg ilivyokuwa upande wa mashariki. Miaka kumi baadaye dola ile haikuwapo, na mwaka 1919 ngome ikawa mali ya Ufaransa.

Sasa, Wilhelm huyu si mgeni kwetu. Ndiye ambaye kichwa chake chenye kofia ya chuma kilichongwa kwenye rupia zilizotumika Afrika Mashariki ya Kijerumani. Mafundi walipokuwa hapa wakichonga mawe ya rangi ya waridi, kusini mwa Tanganyika ilikuwa Vita vya Maji Maji, 1905 hadi 1907. Sisemi usifurahie matembezi. Nasema Mtanzania anaingia mlango huu akiwa na kipande cha habari ambacho waliopanga foleni pamoja naye hawana, na ni vizuri akiingia nacho kichwani.

Hatua ya 5: Tembea ndani, taratibu, kwa njia iliyopangwa

Njia ni moja, inaelekea upande mmoja, na ukikimbia utaimaliza kwa dakika 45. Jipe saa moja na nusu hadi mbili. Chukua kifaa cha sauti cha kuongozea kama Kifaransa, Kijerumani au Kiingereza chako kinaruhusu. Ngazi ni nyingi, nyingine za mzunguko na nyembamba; kigari cha mtoto hakifai kabisa, mbebe mgongoni. Mwenye shida ya kutembea afurahie ua wa chini na mandhari ya nje, asidanganywe kwamba kutakuwa na lifti mbele.

Ua wa chini una karakana ya mhunzi, kinu cha upepo na nyumba ya wageni. Pita. Ni pazuri, lakini si hapo penye uzito.

Uzito unaanza ukishapanda ngazi, ukavuka daraja la kuinuliwa na kupita Lango la Simba. Tafuta kisima. Kina kina cha mita 62 na nusu, kimetobolewa ndani ya mwamba kwa mikono. Kukitoboa ilikuwa shida moja. Shida ya pili ilikuwa kukilinda, kwa sababu mzinga ukikifunika kisima, ngome imekwisha hata kama kuta ziko imara. Kwa hiyo Thierstein wakakijengea mnara wake wenye kuta nene. Chungulia, sikiliza, usitupe sarafu.

Kutoka hapo uko kwenye ua wa ndani. Inua macho utazame mnara mkuu. Huu ni wa Ebhardt, na siku zile wakosoaji walimwandama: wapo waliosema mnara wa zamani haukuwa wa mraba, wapo waliosema ameurefusha ili upendeze kwa mbali. Juu ya umbo la mraba, uchunguzi wa baadaye ulimpa haki. Urefu ni habari nyingine. Mchora vibonzo wa Colmar aliyejulikana kama Hansi aliifanyia kazi nzima dhihaka, na ukiangalia jinsi kila kona ilivyo safi na kila pembe ilivyonyooka, unaelewa alichokicheka. Hata hivyo, mimi siungani na wanaoiita ngome ya bandia. Ebhardt aliyasoma magofu kwa makini, alichimba, alipima, na kuta nyingi za chini ni za kweli. Zoezi zuri ni hili: kila chumba unachoingia, jiulize kama hiki kingeweza kubaki baada ya moto wa 1633. Kuta nene, ndiyo. Dari ya mbao iliyochorwa maua, hapana.

Jikoni utafurahi. Majiko ya kuota moto ya vigae, yaliyopanda kama kabati, pia. Yanalishwa kuni kutoka nje ya chumba, ili moshi na majivu visimfikie bwana mkubwa, na vigae vinashika joto saa nyingi.

Halafu utafika Ukumbi wa Kaisari. Ni mkubwa, umechorwa na Léo Schnug, msanii wa Alsace, na darini kuna tai mkubwa wa dola ya Ujerumani mwenye maandishi *Gott mit uns*, Mungu yu pamoja nasi. Hapa kifaa cha sauti kitakueleza rangi na mtindo. Mimi nilisimama nikafikiria kwamba mwenye tai huyu alikuwa pia na maboma Mikindani na Bagamoyo, na kwamba huku alijenga kwa ajili ya kuonekana kama mrithi wa wafalme wa kale, kule alijenga kwa ajili ya kodi na bunduki. Dakika mbili zilitosha. Mama mmoja wa Kijerumani aliniomba nisogee apige picha.

Baada ya chumba cha silaha unatoka nje tena, unapita bustani ndogo ya juu, na unafika buruji kuu ya magharibi. Hapa usiharakishe hata kidogo. Mizinga imeelekea pale ambapo mgongo wa mlima unaendelea, kwa sababu ni upande huo tu adui angeweza kusogeza mizinga yake kwa usawa. Pande nyingine mlima wenyewe ni mlinzi. Aliyewahi kupita juu ya kuta za Fort Jesus, Mombasa, ambayo Wareno walianza kuijenga mwaka 1593, atatambua wasiwasi uleule: ukuta haushindani tena na ngazi na mishale, unashindana na chuma kinachoruka. Tofauti ya zaidi ya miaka mia inaonekana. Mombasa pembe zimepigwa mahesabu ili kila ukuta ulindwe na mwenzake. Huku bado wanaamini unene.

Mandhari nayo iko hapa: Vosges upande mmoja, uwanda wa Rhine upande wa pili, na ng'ambo ya mto Msitu Mweusi wa Ujerumani. Siku safi kabisa, hasa za baridi baada ya mvua, unaona milima ya Alps kama mstari mweupe kusini. Mimi nimeiona mara moja kati ya tatu.

Hatua ya 6: Nenda kwenye gofu ambalo hakuna anayekwenda

Ukitoka, watu wote watageukia basi na magari. Wewe fuata mgongo wa mlima kuelekea magharibi, mita mia chache tu msituni, kuna Oedenbourg, inayoitwa pia Koenigsbourg Ndogo. Hakuna tiketi, hakuna duka, na hakuna Kaisari aliyeipenda. Kuta zimesimama wazi, mizizi imeingia kwenye nyufa, madirisha yanatazama miti. Usipande juu ya mawe yaliyolegea, na ukikuta kizuizi kiheshimu. Tazama kwa nje inatosha.

Hapa ndipo unapojua jinsi magofu ya mlimani yanavyokuwa yasipopata mtu wa kuyasimamisha. Ukigeuka nyuma, unaelewa pia kwa nini Thierstein waliiogopa sana sehemu hii ya mlima. Kwangu mimi, robo saa ya hapa inaipa maana saa mbili za kule.

Hatua ya 7: Shuka kwenye mizabibu

Barabara ya Mvinyo ya Alsace ilizinduliwa mwaka 1953, ina urefu wa kama kilomita 170 kutoka Marlenheim hadi Thann, na ngome iko karibu katikati yake. Mvua nyingi inayotoka magharibi inaangukia upande wa pili wa Vosges. Inayovuka ni kidogo, na Colmar ni miongoni mwa miji mikavu zaidi ya Ufaransa. Ndiyo sababu zabibu zinaiva huku juu kaskazini. Anayejua mizabibu ya Dodoma, ambako huvuna mara mbili kwa mwaka, atasikitika kidogo: huku ni mara moja tu, na baridi kali au mvua ya mawe ikipiga, mwaka umekwenda.

Alsace wana desturi inayomsaidia mgeni: lebo ya chupa kwa kawaida inataja aina ya zabibu. Mashamba yaliyopewa daraja la juu kabisa, Grand Cru, ni 51. Moja, Praelatenberg, liko chini kabisa ya ngome, kwenye ardhi ya Kintzheim na Orschwiller. Jingine, Gloeckelberg, liko Rodern na Saint-Hippolyte. Saint-Hippolyte wanajulikana pia kwa mvinyo mwekundu wa Pinot Noir, katika mkoa ambao karibu kila kitu ni cheupe.

Kuonja hufanyika kwa wakulima wenyewe, nyumbani kwao. Tafuta kibao cha *dégustation*. Ingia, na neno la kwanza liwe *Bonjour*, kabla ya swali lolote. Asiyesalimu huku anaonekana kama kwetu anavyoonekana anayeingia nyumba ya mtu bila hodi. Epuka saa sita hadi saa nane mchana, wanakula. Jumapili wengine hawafungui. Wakati wa mavuno wengi hawana nafasi na wewe, na njia za mashambani zinaweza kufungwa. Na tunda la shambani ni la mwenyewe, hata kichala kimoja.

Mwenyeji atakupangia kutoka mkavu kwenda mtamu. Sylvaner ni mwepesi, wa kuondoa kiu. Riesling ni mkali wa ndimu, na uliokaa miaka mingi unaweza kunukia mafuta ya taa kidogo. Usishtuke, hiyo ni sifa. Pinot Gris ni mzito zaidi. Gewurztraminer anakuja mwisho, na ndiye atakayekufanya ucheke: unanukia waridi na shokishoki, kama mtu kafungua kikapu cha Darajani. Jina lenyewe linaanza na neno la Kijerumani la viungo. Kuna chombo cha kutemea, na kutema si utovu wa adabu. Ukionja aina nne tano, nunua angalau chupa moja.

Anayeendesha asinywe. Sheria ya Ufaransa ni gramu 0.5 kwa lita ya damu, na 0.2 kwa mwenye leseni changa, na glasi ndogondogo hazijihesabu zenyewe.

Asiyekunywa, kwa dini au kwa hiari, asikae garini. Baadhi ya wakulima wanauza maji ya zabibu, *jus de raisin*, na mengine ni matamu kuliko chochote cha dukani. Vijiji vingi vina njia fupi ya kutembea mashambani yenye vibao vya maelezo.

Kwenye chakula ndiko Mwislamu awe macho zaidi. *Tarte flambée*, ule mkate mwembamba wa malai na vitunguu, huja na nyama ya nguruwe isipokuwa useme *sans lardons*. *Choucroute* ni kabichi chachu iliyozungukwa na nguruwe. *Baeckeoffe*, nyama na viazi vya chunguni, kwa kawaida nyama yake, nguruwe akiwemo, hulazwa ndani ya mvinyo. Samaki aina ya trauti mara nyingi hupikwa na Riesling. Hata keki ya *kougelhopf*, zabibu zake huenda zimelowekwa kwenye pombe, uliza.

Kijijini tazama juu ya mapaa. Korongo weupe wana viota vikubwa kwenye mabomba ya moshi, na mwishoni mwa kiangazi wengi wanaondoka kuja Afrika. Wa hapa hupita Gibraltar kwenda Afrika Magharibi. Wale unaowaona Serengeti huwa wametoka Ulaya Mashariki.

Hatua ya 8: Rudi kabla ya giza

Basi la mwisho kutoka ngomeni halingoji mtu. Likikuacha, kushuka kwa miguu hadi Kintzheim ni kama saa moja na robo, lakini msituni giza linaingia mapema kuliko uwandani, na Oktoba linaingia mapema sana. Weka simu na chaji ya kutosha kwa tochi. Kintzheim hadi stesheni ya Sélestat ni kilomita chache za tambarare, na hapo treni za Strasbourg na Colmar zinaendelea hadi jioni.